Sakafu Mbichi ya Namba Tisa

Mke wangu Tabita aliuliza swali moja mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima, amesimama mlangoni na vyombo kichwani. Mara ya pili alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umevimba hata macho hayaonekani, ngozi yote malengelenge kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Ilikuwa mchana, mvua imekatika kidogo, jua linaingia dirishani. Mtoto wetu Lea alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Mimi nilikuwa nimelala upande wa pili wa chumba, ndui hiyo hiyo imenikamata, ila kichwa kilikuwa bado kinasikia. Mwenye nyumba wetu alikuwa amepiga magoti anamfuta Tabita midomo kwa kitambaa cha maji ya chumvi.

"Mama," Tabita akasema, "nani alikufa humu ndani kabla yetu?"

Mwenye nyumba akakamua kitambaa kwenye bakuli, akakichovya tena, akaendelea kufuta. Kabla jua halijaondoka dirishani, Tabita alikuwa amekwisha.

Huyo aliyekuwa anamfuta ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake nalijua, siliandiki. Tunduma nzima ilimwita Mama Vyumba, wakubwa kwa watoto, hata jumbe alipokuja kunywa pombe yake bila kulipa. Alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo waulizeni wengine. Mimi namjua tangu siku nilipotoka Isongole na cherehani kichwani nikaiweka kwenye kibaraza chake, mpaka mwezi uliopita nilipokaa naye tena, na katikati hapo pana makaburi mawili. Shule yangu ni darasa la tatu la misheni. Nitaandika kama ninavyosema.

Vyumba vyake vilikuwa kumi na viwili, safu mbili zinatazamana na ua katikati, matofali mabichi, nyasi juu. Mume wake alichimba shaba ng'ambo ya mpaka akafia huko, na kitu kidogo alichopewa mjane ndicho kilichojenga. Kule ng'ambo walikuwa wameishi kwenye kambi za wachimbaji, na alirudi na akili moja ya kule: kila mlango uwe na namba. Alizichora mwenyewe kwa masizi na mafuta ya nyonyo. Tunduma ya siku zile ilikuwa boriti moja imelazwa barabarani, askari wawili wa mpakani, duka la Mhindi na vibanda. Hakuna aliyekuwa na namba ya kitu chochote. Kwa Mama Vyumba hata mbuzi alikuwa na anwani: alikaa nyuma ya kumi na mbili.

Wapangaji wake wengi walikuwa watu wa njiani. Vijana wanaokwenda migodini, vijana wanaorudi na blanketi jipya na kikohozi, wachuuzi wa ng'ombe, wanawake wanaofuata waume waliokaa kimya mwaka wa tatu. Aliwapokea wote namna moja.

"Mwapoleni mukwai, mayo," kijana wa ng'ambo atasalimia kwa Kibemba chao, amechuchumaa, anapiga makofi ya heshima.

"Mukwai mwenyewe. Una kunguni?"

"Sina, mayo."

"Kila anayekuja hana. Vitanda vyangu vinao. Wanaletwa na malaika? Kunjua blanketi tuone."

Atalikunjua pale pale uani, mbele ya watu, na Mama Vyumba atapita kwenye mishono kwa ukucha kama mtu anayechambua mchele. Akiridhika anasema maneno yale yale aliyomwambia kila mtu aliyewahi kulala kwake: "Ingia, vua viatu, usinisumbue." Mtu akiomba apunguziwe, alisema, "Fisi halipishi, nenda kalale naye."

Asubuhi alipita na mwiko wa ugali anagonga milango. "Namba tatu, jua limekupita! Namba tano, nasikia unakoroma, nani amekufundisha? Namba sita, mke wako ameonekana kijiji cha Mpemba anakuja na mzigo, mtoe huyo uliye naye!" Ua mzima ulicheka, isipokuwa namba sita.

Mtu akichelewesha kodi hakumfukuza. Alichukua mlango. Alikuja na nyundo yake, akang'oa bawaba, akaubeba mlango mgongoni mpaka chumbani kwake, akaulalia. Ukilipa unarudishiwa. Nimeona mwanamume mzima, aliyepigana vita vya Hitler mpaka Burma, amekaa kwenye chumba kisicho na mlango amejifunika shuka mchana kweupe, anaona haya namna watu wanavyomtazama. Mimi mwenyewe mlango wangu ulikwenda mara mbili. Tabita alishona gunia akalitundika, na Lea, alikuwa na miaka mitatu, akajifunza kugonga gunia na kusema hodi.

Sasa huyo huyo aliyelalia milango ya watu alikuwa na chumba kimoja, namba saba, hakukikodisha hata siku moja. Kilikuwa cha wanawake wanaoshikwa na uchungu njiani. Zahanati ilikuwa mbali, lori lilipita siku lilipotaka. Mwanamke akishuka anajishika kiuno, Mama Vyumba hakuuliza anatoka wapi wala ana nini. Alimwingiza namba saba, akachemsha maji, akafunga kanga kifuani. Lea wangu alizaliwa humo. Kitovu alikikata Mama Vyumba kwa wembe wangu wa ushonaji. Nikimchukia, na ninamchukia, inabidi nimchukie pamoja na hilo. Mikono iliyompokea mwanangu ndiyo iliyomfunga sanda, na chumba hadi chumba ni hatua ishirini na tano.

Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui ya utotoni, mashimo mashimo kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Watoto wageni walilia wakimwona. Yeye aliwabeba hivyo hivyo wanalia, mpaka wanachoka. Siku moja mwanamke wa Mbozi, watu wa kahawa wale, wanaojiona, alisema makusudi asikike, "Sura kama hii mtu aliioaje?"

"Kamuulize mume wangu kama alilalamika," Mama Vyumba akamjibu.

"Si wanasema amekufa?"

"Basi hajalalamika."

Kanisani alitengwa kwa sababu ya kupika pombe. Kwa wasiojua, mtu aliyetengwa anaruhusiwa kuingia, ila anakaa benchi la nyuma na mezani pa Bwana hafiki. Alikaa benchi lile kila Jumapili miaka yote niliyomjua, amevaa gauni jeupe nililomshonea mimi, anaimba kwa sauti kuliko wa mbele. Mzee wa kanisa alikuja mara moja kumwonya uani kwake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha akasema, "Baba, nimesikia. Wainjilisti wako wawili wamelala namba kumi bure wiki nzima, na uji wa asubuhi wanakunywa. Nao niwatoe, au dhambi yangu imewafikia vizuri?" Mzee alikunywa maji akaondoka.

Haya. Nimesema mazuri yake ili mtu asije akasema nimeficha. Sasa lile jambo la sakafu.

Huku kwetu nyumba ya udongo inasilibwa kwa wakati wake. Mvua zikiisha, mavuno yakiwa ndani, wanawake wanakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe wanapaka sakafu na kuta, vyumba vinanukia upya. Mama Vyumba alifanya hivyo kila mwaka, vyumba vyote kwa siku mbili. Katikati ya mvua hakuna mwenye akili anayesiliba, maana udongo haukauki. Isipokuwa kwa sababu moja. Mtu akifia ndani, matanga yakiisha, chumba kinasilibwa hata kama mbingu inamwagika. Mnyiha anajua, Mnamwanga anajua, Mndali anajua. Mtoto aliyekwishaota meno ya pili anajua. Ukiona sakafu mbichi wakati wa masika unavua kofia, unauliza, "Poleni, ni nani?"

Ndui ilikuja na barabara. Wapo waliosema imetoka ng'ambo, ng'ambo wakasema imetoka kwetu. Boriti ikafungwa: hapiti mtu bila cheti cha chanjo. Vijana wa migodini wakakwama Tunduma, na vyumba vya Mama Vyumba vikajaa watu wanne wanne. Ndipo Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akatoa amri yake barazani, mkalimani akaisema mara tatu. Nyumba itakayokutwa na mgonjwa itachomwa moto, bila fidia. Mgonjwa atapelekwa karantini. Karantini yenyewe ilikuwa vibanda vya majani porini, njia ya Chitete, wagonjwa wananyeshewa, na aliyepeleka chakula alikiacha mbali akakimbia. Nyumba ya kwanza ilichomwa upande wa Mpemba. Niliiona. Mwenyewe alisimama na kuku mkononi anatazama paa linaanguka, askari anamwambia asogee asije akaungua.

Amri ile ndiyo iliyofundisha watu kuficha. Namtaja Bwana Shauri hapa kwa cheo, jina lake sikulijua kulitamka. Lakini aliyetia kiberiti kwenye nyumba ya mtu mwenye mgonjwa ndiye aliyewaambia wengine wote wafunge mdomo.

Wa pili ninayemtaja ni Lameki, dresa, yaani msaidizi wa zahanati. Alikuja kwa baiskeli, boksi la chanjo limefungwa nyuma, ametoka nalo mbali juani. Alikaa kwenye kibaraza karibu na cherehani yangu, akaagiza chai na mayai. Boksi akaliacha kwenye baiskeli, jua linaliwakia.

"Dresa, dawa yako inaiva," Mama Vyumba akamwambia. "Hiyo inatakiwa baridi."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mgonjwa wa zamani."

"Basi mgonjwa wa zamani, niletee chumvi ya mayai."

Alikula, akanawa, akatuchanja wote foleni moja. Mimi nilikuwa na kovu la chanjo ya misheni tangu utoto, akanipita. Tabita akakwaruzwa mkono, Lea akakwaruzwa akalia. Kisha akaandika vyeti, kila kimoja: amechanjwa, imeshika. Pale pale. Damu ya Lea ilikuwa haijakauka. Na kila mtu anajua kwamba chanjo inaangaliwa baada ya wiki, kama imetoa lengelenge ndiyo imeshika, kama haikutoa unarudia.

"Hutarudi kuangalia?" nilimuuliza.

"Fundi, nina vijiji kumi na tisa. Nikirudi kila mahali nitakufa mimi."

Hakuingia chumba hata kimoja. Aliuliza, "Kuna mgonjwa?" Mama Vyumba akasema, "Hakuna." Na siku hiyo ilikuwa kweli. Lameki akapiga mstari wa chokaa kwenye nguzo ya ua, maana yake safi, akapanda baiskeli. Mkono wa Tabita haukuvimba. Wa Lea ulipona kama uliokwaruzwa na mwiba. Tulikuwa na vyeti, tukaviweka ndani ya Biblia.

Wiki chache baadaye, mvua inapiga mfululizo, Mama Vyumba akanijia kibarazani. Hakuwa na mwiko. Nilikuwa nimekaa namba nne tangu nifike, chumba kisicho na dirisha, na kwa miaka miwili nilikuwa nimemwomba namba tisa, yenye dirisha la kutazama barabara. Fundi mwenye dirisha barabarani anaonekana na kila anayeshuka kwenye lori. Kila mara alinijibu kwamba namba tisa ni ya wachuuzi wa ng'ombe.

"Fundi," akasema, "bado unaitaka tisa?"

"Naitaka, mama."

"Hamia leo. Mwezi wa kwanza usinipe kitu."

Sikuuliza. Nilikimbia kumwambia Tabita, tukaanza kubeba. Nikafungua mlango. Sakafu ilikuwa mbichi. Kuta mpaka usawa wa kiuno, mbichi. Katikati ya chumba pamewekwa jiko la mkaa linawaka kukausha, na kitanda cha kamba kimeegemezwa ukutani, kamba zimelowa, zimeoshwa.

Tabita alisimama mlangoni, vyombo kichwani. "Baba Lea. Mbona wamesiliba masika? Nani alikufa humu?"

"Paa lilivuja," Mama Vyumba akasema nyuma yetu.

Nilitazama paa. Nyasi zilikuwa kavu, hakuna hata doa la maji. Niliona kwa macho yangu mawili, siku hizo nilikuwa nayo yote. Kisha nikatazama dirisha. Lori lilikuwa linapita, watu wamejaa juu, suruali zimechanika magotini.

"Umesikia, paa lilivuja," nikamwambia mke wangu. "Ingiza vyombo, acha maneno."

Akaingiza. Lea alilala kwenye kile kitanda cha kamba.

Siku ya kumi na mbili Lea akashikwa na homa. Mgongo unauma, analia kichwa. Siku ya tatu ya homa malengelenge yakatokea usoni, kisha mikononi, kisha nyayo. Tabita akafuatia, na mimi nyuma yake. Mama Vyumba aliingia, akatutazama, akafunga dirisha kwa gunia, akatoka akamwambia kila mtu kwamba kwa fundi kuna homa ya mbu, asiingie mtu. Tangu hapo aliingia yeye peke yake. Alitugeuza, alitupaka mafuta, alitulisha uji kwa kijiko, alitoa uchafu wetu na kwenda kuuzika. Aliimba zile nyimbo za benchi la nyuma. Hakuogopa kitu, ndui ilishamaliza kazi kwake zamani. Wengine waliokufa mwaka ule walifia porini na mvua juu yao. Wangu walifia kwenye mikono ya mtu. Nimelipima hilo mara nyingi, na kila nikilipima naona aliyetuuguza ndiye aliyetuingiza.

Lea alizikwa mchana, nikashikwa kwapani mpaka kaburini. Tabita alipozikwa sikuweza kusimama. Wa tatu ninayemtaja, jumbe Mateyo, alikuja siku hiyo akasimama mbali, kitambaa puani, akawaambia waliochimba kaburi: "Ni homa. Atakayesema neno lingine atanieleza mimi." Jumbe ambaye eneo lake lilikutwa na ndui iliyofichwa alivuliwa ujumbe. Basi yeye akaificha zaidi.

Jicho langu la kushoto lilizimika. Nilipopata nguvu ya kukaa nje, Mama Vyumba alinitoa akaniketisha juani uani, akanifunika blanketi. Alichoma mkeka, alichoma kitanda cha kamba, alichoma nguo za Lea. Kisha akapandisha gauni mpaka magotini, akaanza kukanda udongo kwa miguu. Nilimtazama kwa jicho moja. Aliingia na karai namba tisa, na nikasikia kiganja chake kinapiga ukutani, pa, pa, pa. Haikuisha wiki mchuuzi wa ng'ombe akaingia humo na mizigo yake.

Nikabeba cherehani nikarudi Isongole.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwenye baraza la Mateyo. Nilisema yote, mbele ya watu. Mateyo akamwita karani asome daftari la dresa.

"Tabita, amechanjwa, imeshika. Lea, amechanjwa, imeshika," karani akasoma.

"Umesikia," Mateyo akasema. "Ambaye chanjo yake imeshika haugui ndui. Mkeo alikufa kwa homa, Mungu amlaze. Hapa kwangu hapakuwa na ndui."

"Na uso wangu huu, jumbe?"

"Wewe si ulikuwa hivyo?"

Watu wakacheka. Wapo waliokuwa wananidai suruali, wananijua sura tangu mwaka wa kwanza, nao wakacheka.

Nimekaa Isongole miaka minane. Sikuoa. Jicho moja linatosha kushona magunia na sare za watoto wa shule. Mwezi uliopita nilipanda lori kwenda Tunduma kununua uzi, na miguu ikanipeleka yenyewe. Vyumba sasa vina bati. Namba zimechorwa upya, kwa rangi ya dukani. Mama Vyumba alikuwa amekaa kibarazani kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu imevimba kama mitungi, hawezi tena kutembea. Msichana mmoja ndiye anayegonga milango siku hizi, na hana maneno. Alinitazama napita ua mpaka nikafika mbele yake.

"Fundi."

"Mama."

"Jicho lako."

"Liliondokea kwako."

"Kaa."

Nilikaa. Akamwagiza msichana chai. Hatukusema habari za safari wala za mvua. Nikamuuliza swali la mke wangu, kwa maneno yake Tabita.

"Kijana wa ng'ambo," akasema. "Alikuwa anatoka kwenye dhahabu ya Lupa anarudi kwao, boriti ikamzuia. Akaugua siku ya pili tangu aingie. Ningemsema, wangemtupa porini na kunichomea vyumba kumi na viwili. Nikamfungia nikamuuguza. Aliniambia jina lake nikalisahau. La mama yake nalikumbuka, maana ndilo aliloliita mpaka mwisho. Nilimwosha mwenyewe, nikamzika nyuma ya kumi na mbili."

"Ulijua ndui inashika mtu."

"Unaniuliza hilo mimi? Mimi ndiye mwenye sura hii."

"Basi kwa nini, mama?"

"Nilimfuata Lameki. Nilimweleza kila kitu, nikampa jogoo. Akaniambia, siliba, washa moto, udongo ukikauka hakuna kitu kinachobaki humo. Nikamwamini. Nilitaka kumwamini, kama wewe ulivyotaka dirisha. Nilikwenda na kwa Mateyo. Akasema, fanya alivyosema dresa, ila nisikusikie."

"Na kwa nini sisi? Ulikuwa na watu wanne wanne kila chumba. Ungemweka yeyote."

Hapo ndipo alipotazama pembeni. "Bwana Shauri alikuwa anakuja kukagua wiki ile. Chumba kitupu chenye sakafu mbichi angekiulizia. Vijana wa njiani angewahesabu mmoja mmoja, angewafungua mashati. Lakini chumba chenye cherehani, mwanamke anapika, mtoto anacheza mlangoni, nani angeuliza? Alipita kweli. Alimpa Lea peremende."

Nilikumbuka. Mzungu mrefu, kofia mkononi. Lea aliiweka peremende ile kwenye mkebe wa vifungo, hakutaka kuila iishe.

Niliinuka nimpige. Sitadanganya. Nilisimama juu yake mkono umekunjwa, naye hakuinua wake. Alisema, "Piga ukitaka. Lakini hiyo haitakutosha. Unataka nini hasa, Fundi?"

"Nataka yasemwe barazani."

"Nitasema. Niite."

"Utasema ulimficha yule kijana? Utasema ulituweka sisi?"

"Nitasema vyote. Nimekaa benchi la nyuma miaka ishirini kwa ajili ya pombe, na hili hakuna aliyeniuliza. Niite, nisikilizwe kabla sijafa."

Nilikwenda kwa Mateyo siku hiyo hiyo. Bado ni jumbe, amenenepa, ana kiti cha mikono. Akaniambia kesi ile imeoza, wenyewe wamekufa, mashahidi wazee hawana akili. Nikamwambia wenyewe hawajakufa, mmoja ndiye huyu anayesimama mbele yako. Akaniambia nirudi baada ya mavuno. Nikauliza Lameki yuko wapi. Nikaambiwa amepanda cheo, sasa ni mkubwa wa zahanati, anafundisha madresa wadogo kuchanja. Nilitembea mpaka zahanatini kwake. Alinitazama jicho, akaniambia nipange foleni ya macho.

Kwa hiyo naandika, na barua hii nimenakili mara nne: moja kwa Bwana Shauri aliyepo sasa, moja kwa wazee wa kanisa, moja ataisoma mwalimu wa shule mbele ya watu siku ya soko, moja nakaa nayo. Simwombi mtu pole. Langu nimelisema hapo juu, niliona paa kavu nikamnyamazisha mke wangu, na atakayenihukumu kwa hilo sitabisha. Mama Vyumba amekubali lake. Bwana Shauri wa sasa atafute yule wa zamani amuulize amri ile ilimwokoa nani. Wamebaki wawili.

Mateyo, weka siku. Usiseme mavuno. Lameki, uje na daftari lako, useme mbele ya watu nani alikufundisha kwamba udongo ukikauka ndui imekufa, na ulimwona lini mwanangu mara ya pili hata ukaandika imeshika. Mkisema shahidi wangu hawezi kutembea, nimeshapima njia. Kutoka kibarazani kwake mpaka barazani ni mwendo wa kuvuta sigara moja, na nitambeba mgongoni mimi mwenyewe, mwanamke huyo huyo, nimweke chini mbele yenu. Mtakuwepo, au tuje kuwagongea milango?